Mstari Alioufuta Papa Léonard

Jumatatu moja ya mwezi wa saba, mwaka 2012, Kavuo alikuwa akitafuta nambari 108 na nambari 108 haikuonekana.

Alikuwa ameketi katika chumba cha nyuma cha shirika dogo la Tuonane, pale Sake, mashariki mwa Kongo, hatua chache kutoka njia panda inayogawa barabara za Goma, Masisi na Minova. Alitaka kuongeza neno moja tu kwenye habari za nambari 108, jina la utani la mdogo wake anayetafutwa. Aliandika nambari ile kwenye kisanduku cha kutafutia, akabonyeza. Kompyuta ikamjibu kwamba hakuna kitu kama hicho kwenye ukurasa. Akajaribu 97. Hakuna. Akajaribu 112. Hakuna.

Ndipo akaandika neno Bisie, na ukurasa ukashuka wenyewe hadi kwenye mistari hii:

"Mbambu Kahindo. Alitoka njia ya Bisie, Walikale. Anamtafuta mdogo wake Céline. Mahali alipo: Kashuga, kambi ya juu, bloku ya 7, nyumba ya 14."

Kavuo anasema hakupiga kelele. Aliusoma mstari ule mara ya pili kana kwamba ungeweza kubadilika ukisomwa vizuri. Haukubadilika. Huyu ndiye aliyekuwa nambari 108, na jina lake halikupaswa kuonekana na mtu yeyote duniani nje ya watu watatu wa shirika lile.

Kavuo alikuwa na miaka ishirini na sita. Baba yake ni mfanyabiashara wa Butembo aliyefungua duka la vitenge Sake, na yeye alikuwa amesoma mambo ya kompyuta Butembo miaka miwili kabla vita havijachoma lori la baba kwenye barabara ya Walikale na masomo yakaishia hapo. Asubuhi aliuza vitenge, alasiri alikwenda Tuonane, ila Jumatatu hiyo alikuwa ameanzia ofisini. Shirika lilikuwa limeanzishwa na Papa Léonard, mwalimu mstaafu kutoka milima ya Masisi, mtu wa shamba la maharage na misa ya kila siku. Papa Léonard aliona jinsi familia zilivyokuwa zikikimbia kila moja na njia yake, mama akatokea Minova na mtoto akatokea Kashuga, akaanza kuandika majina kwenye daftari. Kavuo ndiye aliyeyatoa majina yale kwenye daftari na kuyaweka kwenye mtandao. Mtu wa Goma mwenye simu nzuri aliweza kuyasoma. Na kwa wale wasio na simu, kila Jumamosi mtu wa shirika aliyekaa Walikale, jina lake Isidore, aliuchapa ukurasa ule kwenye karatasi na kuzibandika ukutani karibu na soko.

Lakini si wote waliotafuta ndugu walitaka wao wenyewe waonekane. Mbambu alikuwa akiuza mchele na chumvi kwenye njia ya kwenda machimbo ya Bisie pamoja na mdogo wake, mpaka siku kamanda mmoja wa huko alipomchukua kwa nguvu na kumfanya mke. Alikaa naye miezi minane. Alipotoroka alitembea wiki mbili hadi Kashuga, na siku ya kuandikishwa alimwambia Mamie, dada aliyeandikisha watu kule kambini: "Muandike mudogo wangu. Mimi musiniandike. Yule muntu alisema akinipata atanikata."

Watu kama Mbambu walikuwa thelathini na saba. Kwa ajili yao Kavuo aliweka sheria ndani ya ukurasa: kama mtu ameomba siri, andika nambari, na penye mahali alipo andika "uliza ofisini", kama hakuomba, andika jina lake na mahali alipo.

Tatizo lilikuwa pale alipoiweka. Kuna kitu kinachoitwa kiolezo, yaani umbo la ukurasa lililoandikwa mara moja, ambalo kompyuta hulijaza majina ya watu mmoja baada ya mwingine. Mle ndani Kavuo alichanganya kila kitu pamoja: maneno ya kusomwa na watu, na maagizo ya kusomwa na kompyuta. Mwalimu wake wa Butembo alikuwa amemkataza. Maneno yakae kwake, alisema, maagizo yakae kwake. Kavuo alikumbuka, lakini siku ile watu walikuwa wamejaa barabarani na magodoro kichwani, akaandika haraka, ikafanya kazi, akaiacha hivyo.

Aliita kwa sauti ambayo hakuitambua kuwa yake. "Papa Léonard!"

Mzee alikuja na miwani yake imepanda kwenye paji la uso. Kavuo akageuza kompyuta amwonyeshe.

"Papa, siku ya tano, Ijumaa, ulifungua ukurasa?"

"Ee, nilifungua. Si wewe ulinipa ruhusa?" Na kweli alikuwa amempa, kwa sababu alichoka kuitwa kila siku abadilishe neno moja. "Kiswahili kilikuwa na makosa. Niliona 'Mahali alipo' iko imeandikwa mara mbili, moja chini ya ingine. Nikafuta moja. Ukurasa ukakataa kufunguka. Nikaona kuko tualama twingine hapo juu, twa ovyo ovyo, nikafuta na tule. Kiisha ikafunguka muzuri."

Alikuwa akitabasamu bado. Mwalimu wa miaka thelathini na mitatu, ameona neno limerudiwa, amelisahihisha. Moja ya zile "Mahali alipo" ilikuwa ya wenye majina na nyingine ilikuwa ya wenye siri, na vialama vya ovyo ndivyo vilivyokuwa sheria yenyewe.

"Papa," Kavuo akasema, "wote iko wanaonekana. Wale wa siri. Wote."

Tabasamu likaondoka polepole. Mzee alishusha miwani, akasoma, akakaa juu ya sanduku la karatasi kwa sababu kiti kilikuwa mbali.

Wakati wa kulaumiana haukuwepo. Kavuo hakujaribu kutengeneza. Alijua kwamba kutengeneza kungechukua saa nzima, na katika saa hiyo ukurasa ungeendelea kusomwa. Bora usiwepo kabisa. Alichomeka modemu, akaingia mahali faili zilipohifadhiwa, akaliagiza faili la ukurasa lifutwe. Mtandao ukakatika. Akaingia tena. Ukakatika. Mara ya tatu alipanda juu ya meza, akaishika modemu karibu na dirisha kwa waya mrefu, mkono mmoja juu kama mtu anayening'iniza taa, na Papa Léonard akabonyeza kitufe alichoonyeshwa. Walisubiri. Kisha mzee akasoma kwa sauti yale maneno ya Kifaransa yanayosema ukurasa huo haupatikani.

"Imekufa," alisema.

"Isidore," Kavuo akajibu.

Simu ya Walikale ililia mara tano ndipo Isidore akaitika. Kavuo alimuuliza kama Jumamosi alichapa.

"Nilichapa, yaya," alisema, akimwita kama dada yake mkubwa. "Karatasi tisa. Nilibandika kama kawaida."

"Kimbia uzitoshe. Saa hii hii. Usikate simu."

Walimsikia akikimbia, wakasikia soko, wakasikia karatasi zikitolewa ukutani. Kisha Isidore akazihesabu.

"Yaya, iko nane."

"Inakosa gani?"

"Ya tano. Si upepo uliipasua. Walitosha vipini vyote ine, muzuri muzuri."

Karatasi ya tano ilikuwa ya majina yanayoanza na M.

Waligawana kazi palepale. Kati ya wale thelathini na saba, kumi na mmoja walikuwa Kashuga. Waliobaki walikuwa wametawanyika, na Papa Léonard angewatafuta kwa simu, kupitia mapadri, waganga na wakuu wa kambi aliowajua. Kashuga simu haikuingia. Mnara wa kule ulikuwa umezima tangu Ijumaa, na Mamie hakupatikana. Lazima mtu aende.

"Nitaenda mimi," alisema Papa Léonard.

"Papa, mugongo yako haitafika hata Kirolirwe. Ni mimi niliandika ile kitu vibaya. Wewe ulisahihisha Kiswahili."

Alikwenda kwa Lévi, motari, yaani mwendesha pikipiki, aliyemwamini, aliyekuwa akibeba mizigo ya duka la baba yake. Lévi alisikiliza, akatazama anga upande wa milima, akasema watu walikuwa wamepigana juzi karibu na Kitchanga lakini leo pikipiki zinapita. Saa nne kasorobo walikuwa wameondoka.

Majina kumi na moja Kavuo alikuwa ameyaandika kwenye kipande cha karatasi, na bloku na nyumba za wenyewe. Walipokaribia Kirolirwe alimwambia Lévi asimame. Kavuo akashuka, akasimama kwenye nyasi za malisho, ng'ombe wakimtazama, akayasema majina yale kwa mdomo mpaka akayasema mara tatu bila kosa. Kisha akaichana karatasi vipande vidogo akaviacha viende na maji ya kijito. Tangu pale hadi Kitchanga aliyarudia mgongoni mwa Lévi kama mtoto wa shule anayeogopa mtihani.

Kwenye baria ya pili, kizuizi cha barabarani baada ya Kitchanga, waliambiwa washuke. Vijana watatu wenye silaha. Mmoja wao akamwaga mfuko wa Kavuo chini: kanga, chupa ya maji, karte yake ya uchaguzi, simu. Akaichukua simu akaanza kuifungua.

"Unaenda wapi, mama?"

"Kashuga. Mama mukubwa yangu iko mugonjwa."

"Anaitwa nani?"

Kichwani mwa Kavuo mlikuwa na majina kumi na moja na yote hayakuruhusiwa kutoka. Alihisi yamepanda hadi kwenye meno. "Mukandori," akasema. Lilikuwa jina la kwanza lisilokuwa la siri alilolikumbuka, la mama mmoja mkulima aliyesomeka wazi kwenye ukurasa, jirani ya Mbambu.

"Na kazi yako?"

"Ninauzisha vitenge. Duka ya papa yangu, Sake."

Kijana alipekua picha kwenye simu. Vitenge, vitenge, harusi ya binamu, vitenge. Akamtazama Lévi, akamtazama tena Kavuo, akairudisha simu polepole kama mtu anayejutia kitu alichokikosa. "Pita."

Wakapanda pikipiki, wakapita mji wa Mweso bila kusimama.

Walifika Kashuga saa tisa mchana. Mamie aliwaona kutoka mbali akaja mbio, na kabla Kavuo hajafungua mdomo alisema: "Ni nani aliwapa jina ya Mbambu?"

Jana yake, Jumapili baada ya misa, wanaume wawili wasiojulikana walikuwa wameingia kambini wakiwa na karatasi. Hawakuuliza njia. Walikwenda moja kwa moja bloku ya saba, nyumba ya kumi na nne.

"Na yeye?"

"Yuko. Lakini walisema watarudia leo."

Mukandori alikuwa mama wa miaka hamsini na kitu, mkulima wa Masisi, ambaye nyumba yake ya bashi, yaani turubai, iliegemeana na ya Mbambu. Lévi akabaki na pikipiki mwanzo wa kambi, Mukandori akamwingiza Kavuo ndani. Mbambu alikuwa amekaa nyuma kabisa, kwenye giza la magunia, mwembamba, kitambaa kimefungwa hadi kwenye nyusi. Hakuinuka.

Mukandori ndiye aliyesimulia. Wale wanaume walijitambulisha kuwa watu wa Tuonane. Walisema Céline amepatikana, wamekuja kumchukua Mbambu wampeleke kwa mdogo wake. Mbambu wakati ule alikuwa humu humu akichambua maharage, na aliposikia jina la Céline aliinuka, mkono ukawa tayari umeshika pazia la mlango.

"Njo akasimama, hakutoka," Mukandori alisema. "Akaniambia kwa sikio, 'Mama, waulize nambari yangu.' Nikawauliza. Wakasema nambari ni kumi na ine."

"Ile ni ya nyumba," Mbambu alisema kwa mara ya kwanza. Sauti yake ilikuwa kavu. "Watu wa Tuonane hawaniitake Mbambu. Mamie hata akikuya kunisalimia ananiita mia moja na nane. Hawa walikuwa na jina yangu yote, na nambari hawana. Nikajua wametoka kwa yule muntu."

Mukandori aliwaambia wanaume wale kwamba Mbambu amekwenda mto kufua na atarudi jioni. Hawakungoja, wakasema watakuja kesho na pikipiki.

Kavuo alipiga magoti kwenye udongo. "Mbambu, mimi ni Kavuo wa Sake. Jina yako ilitoka kwetu. Ni mimi niliandika ukurasa. Sikuiandika vile inapashwa."

Mbambu hakusema si kitu, na hakusema nimekusamehe. Alisema, "Mulinikubalia."

Kavuo alikuwa bado amepiga magoti waliposikia pikipiki ikizimwa nje.

Mukandori alitupa gunia tupu juu ya Mbambu, akamsukuma Kavuo kwenye kigoda karibu na moto, akamtupia sahani ya maharage mapajani. "Chambua," alinong'ona, akatoka mlangoni na kusimama hapo, akiuziba kwa mwili wake.

"Mama, tumerudia," sauti ya mwanaume ilisema. "Huyu dada iko wapi?"

"Mutanisamehe, baba zangu. Jana magaribi mutoto wake alishikwa na homa. Wakamupeleka Mweso, kwa ospitali."

"Mutoto? Karatasi haisemi iko na mutoto."

"Karatasi iliandikwa zamani. Mutoto amezaliwa kiisha."

Yule mwanaume akainama kuchungulia chini ya mkono wa Mukandori, na Kavuo akaiona. Karatasi ya tano. Aliyatambua maandishi aliyoyachagua mwenyewe, herufi kubwa ili wazee wasome bila miwani, na mstari mwembamba alioupiga kati ya mtu na mtu ili pasiwe na kuchanganya. Kwenye kona kulikuwa na matundu ya vipini. Kidole gumba cha yule mtu kilikuwa kimefunika nusu ya neno Kashuga.

"Na huyu ni nani?"

"Mutoto wa ndugu yangu. Amekuya kunisalimia."

Mtu yule akamnyoshea Kavuo karatasi. "Dada, unajua kusoma? Soma hapa. Inasema nyumba ya kumi na ine, si hivyo?"

Kavuo hakuinua mikono kutoka kwenye maharage. "Sijasoma, papa," alisema. "Nilikomea mwaka wa pili."

"Sisi njo Tuonane," yule mwanaume alisema, kama aliyechoshwa na wajinga. "Tunatafutia watu ndugu zao."

"Mungu awabariki," Mukandori alisema.

Mwenzake, aliyebaki kwenye pikipiki, akasema kitu kuhusu Mweso na kuhusu saa. Karatasi ikakunjwa mara nne, ikaingia mfukoni. Pikipiki ikawaka, ikashika njia ya Mweso, na hakuna aliyesogea ndani ya nyumba ile mpaka mlio wake ulipopotea nyuma ya kilima.

Kutoka Kashuga hadi Mweso na kurudi, pamoja na kuuliza hospitalini, walihesabu kuwa wana saa moja na nusu. Mamie alitumwa kwa wale kumi waliobaki. Kavuo alimtajia majina kwa mpangilio uleule aliojifunza kando ya kijito, na Mamie akaenda nyumba kwa nyumba akiwahamisha wengine bloku, wengine kwa ndugu kijijini. Mukandori alimvisha Mbambu koti lake la shamba, akampa jembe begani, na wanawake hao wawili wakapanda kilima kama watu wanaorudi kupalilia. Walipita njia za mashamba anazozijua mtu aliyezaliwa huko, wakauzunguka mji wa Mweso kwa juu. Lévi alikwenda na barabara peke yake, akawangoja upande wa pili penye daraja la miti. Kabla jua halijazama alikuwa amemfikisha Mbambu Kitchanga kwa masista waliokuwa wakihifadhi wanawake. Mbambu hakuwa na mtoto. Mukandori alikuwa amemzulia palepale mlangoni.

Kavuo alilala kwa Mamie siku hiyo. Wale wanaume hawakurudi.

Alipofika Sake Jumanne alimkuta Papa Léonard hajabadilisha shati. Kati ya watu ishirini na sita aliokuwa akiwatafuta alikuwa amewapata ishirini na watano. Aliyebaki alikuwa Habumugisha, mpagazi aliyekataa kubebea watu wenye silaha mawe ya Bisie, akakimbia, akajificha kijiji kimoja upande wa Walikale. Mchungaji wa kule alikwenda kumwangalia, akakuta moto umezimika na sufuria ya mihogo bado iko juu ya mafiga. Jina lake lilianza na H, na karatasi za H zilikuwa zimebaki ukutani zote. Pengine alikuwa ameonywa na mtu akakimbia. Pengine mtu aliisoma karatasi pale pale akaondoka bila kuigusa. Hawakujua.

Wiki tatu ukurasa ulikaa umefungwa. Kavuo aliuandika upya tangu mwanzo. Safari hii maneno yote ya kusomwa na watu aliyaweka kwenye faili lake peke yake, faili lisilo na agizo hata moja, na hilo ndilo alilompa Papa Léonard. Umbo la ukurasa aliliweka mahali pengine, nalo lilijua kuonyesha tu kile linachopewa, halikujua kuamua. Sheria ya siri aliipeleka nyuma kabisa, kule majina yanakotoka. Majina ya siri yalizuiwa huko huko. Kwa hiyo hata mtu angefuta kiolezo chote, au akakiandika upya kwa makosa, asingeweza kumwonyesha mtu ambaye ukurasa wenyewe haukuwahi kupewa jina lake.

Alimwita Papa Léonard ajaribu. "Haribu, Papa. Haribu yote unaweza."

Mzee alikataa. Mikono yake aliiweka nyuma. Kavuo alisubiri, na mwishowe mzee akakaa, akafuta neno, akafuta mstari, akafuta nusu ya faili la maneno. Ukurasa ukawa na mapengo kama kinywa cha mzee, lakini nambari zilibaki nambari. Papa Léonard alitoa kitambaa akapangusa macho, akasema ni vumbi la kiangazi.

Mbambu aliomba afutwe kabisa, hata nambari, na Kavuo akamfuta akiwa kwenye simu naye, akimwambia kila hatua. Mwaka uliofuata Mamie alileta habari kwamba dereva mmoja wa lori la wafanyabiashara wa Butembo alimtambua Céline sokoni Bweremana, na kwamba dada hao wawili walikuwa pamoja. Ukurasa haukuwa na mchango wowote hapo.

Lakini mwezi wa tisa wa mwaka ule ule wa 2012, mwanamke mmoja aliingia ofisini na vumbi hadi magotini. Aliitwa Nishimwe. Alisema yeye ni mke wa Habumugisha.

Papa Léonard aliinuka haraka. "Mama, karibu, mimi nitakueleza." Lakini Kavuo alimwomba akae. Akaeleza mwenyewe, tangu mwanzo: siri aliyoomba mume wake, ukurasa, mstari uliofutwa, siku tatu jina lilivyokaa wazi, sufuria juu ya mafiga. Alisema hatujui kama ni sisi. Alisema pia hatujui kama si sisi.

Nishimwe alisikiliza akitazama ukuta. Nje pikipiki zilipita, mtu alikuwa akinadi mkaa. Kisha akauliza: "Hapa kwa mashini yenu, sasa iko anaonekana?"

"Hapana, mama. Iko kwa siri. Iko nambari tu."

"Siri ilikuwa juu ya wale watu, wasimupate." Akavuta kiti karibu na kompyuta. "Sasa ni mimi njo simupati. Toa siri. Andika jina lake yote, andika na sura yake, iko na kovu hapa kwa shavu. Andika na jina yangu, na pahali niko nakaa. Mwenye kuona aone."

Kavuo alimuuliza mara mbili kama ana hakika. Mara ya pili Nishimwe aliitikia kwa kichwa tu. Kavuo akafungua orodha ya nyuma, akalitafuta jina la Habumugisha, na penye neno siri akafuta akaandika wazi. Akaongeza kovu la shavuni, jina la Nishimwe na mahali anapokaa, hakugusa kitu kingine. Kisha akaufungua ukurasa, na Nishimwe akasogeza uso karibu na kioo, akaanza kusoma jina la mume wake taratibu, herufi moja moja, kwa kidole.